Aliyenona Dirishani

Kosa la kwanza lilikuwa dogo, la kumponyoka mtu asiyesikiliza. Mama Kerosi alikuwa akigeuza omena, dagaa wa ziwani, juu ya wavu kando ya barabara ya Sindo alipomwona Liz akishuka kwenye bodaboda na begi lake la chuo.

"Yawa, msomi amerudi! Mama yako amenipungia mkono sasa hivi tu, pale dirishani. Amenona huyo! Ujane umemkubali."

Liz akacheka, akapiga hatua tatu, akasimama. Ilikuwa saa sita mchana. Madirisha ya nyumba yao yalikuwa yamebandikwa stika ya kioo, ile ambayo mchana aliye nje haoni ndani hata akibandika pua. Anaona ziwa, anaona mawingu, anaona uso wake mwenyewe. Sasa Mama Kerosi alimwonaje mtu?

Akajiambia huenda dirisha lilikuwa wazi. Alipofika akakuta yote yamefungwa. Na ndani, kwenye chumba cha kulala, alimkuta mama yake Rael amelala chali, mashavu yameingia ndani, mkono juu ya shuka umekauka kama kijiti cha kuwashia moto.

"Mama! Umeinuka lini mara ya mwisho?"

"Jumatatu," Rael akanong'ona. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

Chumba kilinuka tope la ziwani, lile la chini kabisa ambalo nyavu huliibua na kila kilichooza ndani yake.

Rael ndiye aliyetaka stika, hilo lisemwe wazi. Marehemu mumewe, Oyaro, aliijenga nyumba ile ikitazama ziwa, akaipa madirisha makubwa kama ya benki. Alipokufa, madirisha yakawa adhabu. Jua la alasiri lilipausha makochi, na kila aliyepita njia ya ufuoni alichungulia aone mjane anafanya nini. Anakula? Anacheka? Anacheka na nani? Mwanamke akataka kitu cha kuzuia jua na macho. Ni jambo dogo, la mtu na nyumba yake. Lakini Zablon, mdogo wa marehemu, alikuwa amehamia chumba cha wageni wiki moja baada ya mazishi, bila kualikwa, "kushika boma," na mtu anayeshika boma hushika kila kitu kilichomo.

Walikwenda Migori mjini wote watatu, Rael, Zablon na Liz, kwenye duka la Hibo, mwanamke wa Kisomali mwenye ulimi mkali kuliko wembe wake wa kukatia. Hibo alitoa vipande akaviinua juani, kimoja kimoja.

"Hii ya ukungu, mwanga unaingia, macho ya watu hayaingii. Unaweka nusu ya chini tu, mama, juu unaacha wazi uone ziwa lako. Hii nyeusi inakata joto, lakini nyumba inakuwa pango. Na hii ya kioo, mchana huonekani kabisa. Ila jua likizama ukawasha taa, mambo yanageuka. Wewe ndani unajiona mwenyewe, na aliye nje anakuona mpaka sahani yako. Kwa nyumba inayotazama maji mimi siipendi, wallahi. Kwetu wanasema jini akijiona hataki kuondoka."

Rael akaweka kidole kwenye ile ya ukungu. "Hii. Nusu ya chini, nione ziwa."

"Weka ya kioo," Zablon akasema. "Madirisha yote, juu mpaka chini. Mjane wa Oyaro hatakuwa sinema ya watu."

"Nimemuuliza mwenye nyumba," Hibo akasema.

"Na mimi nimekujibu."

Liz alikuwepo. Hilo ndilo lililomchoma baadaye kuliko yote. Yeye aliyesimama kwenye majukwaa ya mdahalo akatetea haki ya mwanamke kumiliki mali mpaka waamuzi wakapiga meza, siku ile alisema tu, "Lakini baba mdogo," naye akamkata, "Debate iache campus," na akanyamaza. Mama yake akaondoa kidole polepole, kama mtoto aliyekanywa. Hibo alikuja Sindo akabandika mwenyewe, akakamua maji kwa mpira, akaacha onyo moja: "Siku thelathini msifute, msifungue, msitikise. Gundi bado mbichi. Ikitikisika, hewa itaingia chini yake na haitoki."

Sasa, ameketi ukingoni mwa kitanda, Liz alimsikiliza mama yake akieleza kwa sauti ya kukwaruza kilichotokea siku ya nane baada ya stika kubandikwa.

Kila mtu wa ufuo ule anajua nyawawa, roho za ziwani zinazopita na upepo zikitafuta nyumba ya kuingia. Na kila mtu anajua dawa yake. Unasikia boma la jirani wakigonga sufuria na mabati, nawe unagonga, na wa mbele yako anagonga, mpaka kelele inawasukuma wapite. Hakuna anayeruka zamu. Ukiruka zamu, umewafungulia mlango.

"Nikasikia zinakuja kutoka upande wa Kaksingri, boma kwa boma," Rael alinong'ona. "Nikashika sufuria na mwiko. Zablon akaninyang'anya. 'Utatikisa gundi! Na sisi tumeokoka, hayo ni ya washamba.' Kushoto kwetu wanagonga, kulia wanagonga. Sisi peke yetu kimya. Taa inawaka. Nikajiona kwenye dirisha. Halafu, nyathina, mwanangu, nikajiona tena, nyuma kidogo, nimesimama mahali ambapo hapakuwa na mtu. Yule wa nyuma alikuwa amelowa."

"Ukamwambia?"

"Akasema ni kioo kinafanya hivyo. Asubuhi kukawa na kiputo kwenye dirisha la sebuleni, kama kiganja. Kesho yake kikawa kwenye la jikoni. Sasa kiko hapa. Kila nikilala kinakua."

Liz akageuka. Kiputo kilikuwa pale, katikati ya dirisha la chumba, kikubwa kama mto wa mtoto, kati ya kioo na plastiki ambako hata ukucha haupiti. Akakigusa. Kilikuwa na joto. Na kilipwita, taratibu, kama utosi wa mtoto mchanga.

Akauvuta mkono. Kutoka upande wa pili wa kioo ukaja mlio mwembamba wa kidole chenye maji kikiburuzwa: kwii, kwii. Ulianzia juu ukashuka mpaka usawa wa macho yake, ukakoma.

Mtu mwingine angekimbia, lakini Liz alikasirika. Alitoka nje kwa kishindo, akazunguka nyumba mpaka upande wa ziwa, jua likimpiga utosini, akasimama mbele ya dirisha la mama yake. Aliona ziwa na mawingu, na yeye mwenyewe na blauzi yake ya safari. Akatoa simu, akapiga ile simu ndogo ya kabambe ya mama yake.

"Mama, uko wapi?"

"Kitandani. Wapi tena?"

Na hapo, ndani ya kioo, kati ya wingu na bega lake mwenyewe, akatokea Rael, mnene, mwenye mashavu ya mtu anayekula mara tatu, amevaa ile nguo ya kitenge aliyoshonewa kabla ya msiba na ambayo sasa ingemwanguka mabegani, nywele zake zikitiririka maji yasiyodondoka popote, na akatabasamu, akainua mkono wa kulia akapunga, taratibu kama mtu aliyefundishwa kupunga na mtu asiyewahi kuwa na mkono, kisha akainua wa kushoto, akauweka sikioni, na kwenye kiganja hicho kulikuwa na simu, na kwenye simu ya Liz pumzi ya mama yake ikakatika, na sauti nyingine, laini, iliyoshiba, ikasema, "Niko hapa dirishani, nyathina. Hunioni?"

Liz hakumbuki alivyorudi ndani. Alimkuta mama yake amekodoa macho, simu imeanguka kifuani, anatafuta hewa.

Zablon alirudi saa kumi, akitafuna njugu.

"Mama anakufa," Liz akamwambia, hata salamu hakuna.

"Shikamoo kwanza."

"Shikamoo. Mama anakufa."

"Dispensari walimpima wakakosa ugonjwa. Pastor alipita hapa juzi akamwona dirishani, mzima, anatabasamu. Wazee wa ukoo wamemwona. Akina mama wa soko wamemwona. Wewe ndiye umekuja leo unajua kuliko wote? Si mnafundishwa ushahidi huko? Leta ushahidi."

"Pastor aliingia ndani?"

"Aingie afanye nini? Amemwona."

"Amemwona kupitia kioo ambacho uliweka wewe ili asionekane! Hukuona kitu cha ajabu hapo, baba mdogo? Hata kimoja?"

Zablon akaacha kutafuna. Kwa nukta moja jicho lake lilikwenda kwenye dirisha la sebuleni, likarudi haraka. Liz akaliona. Alijua. Huyu mtu alijua. Alishamwona yule aliyelowa, labda siku ileile ya nane, na akachagua.

"Mwanamke akiwa ndani, ametulia, anatabasamu, hagombani na mtu," Zablon akasema, "mimi naona nyumba imepata amani. Hiyo stika haitoki."

Usiku ule Liz alilala sakafuni kando ya mama yake. Alitundika blanketi dirishani. Alfajiri blanketi lilikuwa limelowa chapachapa, na kiputo kimefika ukubwa wa mtu aliyejikunyata.

Akampigia Hibo. Alieleza yote bila kupamba, akasubiri kuchekwa.

Hibo akasema, "Nilimwona mama yako akiondoa kidole. Nikamruhusu yule mwanaume. Nilifikiria biashara. Nakuja."

Kabla Hibo hajafika, Liz alifanya kile alichofundishwa: kuita shahidi. Alimfuata Mama Kerosi kwenye wavu wake wa omena, akamshika mkono hata kabla hajafuta magamba.

"Njoo unisalimie mama."

"Si nimemwona asubuhi, ananipungia?"

"Njoo umwone tena."

Alimpitisha mlango wa nyuma, wa jikoni, mpaka chumbani. Mama Kerosi aliangalia kile kilicholala kitandani. Mdomo ukafunguka. Akamgusa Rael shavuni na vidole viwili, kama mtu anayejaribu pasi.

"Rael? Uwi, Rael, ni wewe? Basi yule ni nani?"

"Nenda nje ukamwulize," Liz akasema.

Mama Kerosi akatoka. Ukelele aliopiga ulifika mpaka kwenye maboti. Alipotokea tena alikuwa na sufuria kubwa ya kuchemshia omena na mwiko, na nyuma yake wanawake sita wa soko, na hakuna aliyekuwa anacheka.

Hibo alifika karibu saa sita, buibui limejaa vumbi, begani mfuko wenye chupa za maji ya sabuni, kikaushia nywele na wembe wenye mpini mrefu. Zablon alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Hii ni boma ya ndugu yangu. Mimi ndiye nilichagua, na wewe si sheikh."

"Mimi si sheikh," Hibo akasema. "Mimi nauza plastiki. Lakini hii niliibandika kwa mkono wangu, na mkono wangu utaibandua. Sogea, baba. Au nibandue wewe kwanza."

Wanawake wakasukumana mbele na sufuria zao, na Zablon, ambaye hajawahi kusukumwa na mtu mwenye harufu ya samaki, akajikuta ameketi kwenye maua.

Walianzia jikoni. Hibo alipasha stika kwa joto, akanyunyiza sabuni, akaingiza wembe pembeni, huku midomo yake ikisoma Ayatul Kursi bila kupumzika. Mama Kerosi na wenzake wakagonga. Ile plastiki ilipong'oka ilitoa sauti ya ngozi inayochunwa. Nyuma yake kioo kilikuwa kimejaa alama za viganja, zote kwa ndani, mahali ambapo kiganja hakiwezi kuingia. Wakaenda sebuleni. Kila dirisha walilolivua, mnuko wa tope ulipungua pale na kuongezeka mbele yao, kama kitu kinachorudi nyuma chumba kwa chumba, bila haraka, kwa sababu kinajua mahali kinapokwenda.

Likabaki la chumba cha kulala, na Hibo akampa Liz wembe.

Pale ndani kiputo kilikuwa kimesimama. Kilikuwa na mabega. Plastiki ilijivuta usoni mwake ikaonyesha pua, mdomo, yale mashavu, na mdomo ukafunguka chini ya plastiki na sauti ikatoka, si sauti ya kutisha hata kidogo, ilikuwa sauti ya Rael wa zamani, Rael aliyeimba akichuja uji, Rael kabla ya jeneza na kabla ya Zablon, na ikasema, "Liz, usiniondoe. Mwangalie yule kitandani. Ataishi siku ngapi? Atalia, atagombana na ukoo, atazeeka vibaya. Mimi nimeshiba. Mimi sisemi kitu. Wote wananipenda. Nipe pumzi yake iliyobaki tu, na mimi nitakuwa mama yako, sitakufa, sitaumwa, nitakupungia kila ukirudi nyumbani," na Liz akasimama na wembe mkononi machozi yakimchuruzika, kwa sababu alikuwa amemkosa yule mwanamke kwa miezi mingi, na mkono wake, Mungu amsamehe, ulishuka kidogo.

"Usimjibu," Hibo akasema kwa sauti ya chini. "Mimi naweza kubandua plastiki. Lakini aliyechukuliwa uso ndiye mwenye kumkataa. Hakuna mtu mwingine anaweza kumsemea."

Sufuria zikanyamaza. Nyuma yao kitanda kikalia.

Rael alikuwa ameketi. Hakuna aliyejua alipata wapi nguvu, mifupa yake ilionekana kuwa ndiyo iliyoamua. Akanyoosha mkono, na Mama Kerosi akaelewa, akampa sufuria. Haikuwa sufuria ya kushikwa na mgonjwa. Rael akaiburuza, akajiburuza nayo, mpaka dirishani. Akasimama uso kwa uso na uso wake.

"Nilisema ya ukungu," akasema.

Sauti ile ilikuwa kavu, mbaya, ya mtu mwenye hasira ya miezi sita, na ilikuwa yake.

"Nilisema nusu ya chini. Nilisema niache nione ziwa. Nilitaka kugonga nikanyang'anywa. Nilisema naumwa nikaambiwa nimenona. Wewe umenona kwa kunyamaza kwangu. Sasa sinyamazi. Uso ni wangu. Toka!"

Akakipiga kioo kwa sufuria ile. Kioo hakikupasuka kama kioo. Kilimwagika. Tope jeusi lilishuka ukutani, maji ya kujaza beseni mbili tatu, na ndani yake omena walio hai wakirukaruka sakafuni, na kitu kikapita katikati yao wote, baridi, chenye manyoya yaliyolowa au nywele, hakuna aliyependa kujua, kikatoka kwa ile nafasi iliyo wazi. Wanawake wakagonga kama wendawazimu. Boma la jirani wakasikia, wakagonga, mchana kweupe, bila kujua sababu, na la mbele yake likagonga, na kelele ikasafiri kando ya ufuo mpaka masikio yakaipoteza.

Rael akaketi juu ya vigae, akaomba uji. Alikunywa vikombe vinne.

Jumapili iliyofuata Zablon alikuja na wazee wanne wa ukoo na pastor, kuzungumzia mwanamke anayevunja nyumba ya marehemu. Rael aliwakaribisha sebuleni. Bado alikuwa mwembamba, lakini alijimiminia chai mwenyewe, na hakuwasubiri waanze.

"Kabla hamjasema, nina swali moja. Nyinyi wote mlisema mmeniona dirishani. Wewe, pastor. Wewe, mzee. Nilikuwa nakufa hatua tatu nyuma yake. Mlimwona nani?"

Pastor akakohoa. "Tuliona mama mzima, anatabasamu."

"Na mkaridhika."

Liz, aliyesimama mlangoni na hoja kumi mdomoni, alizimeza zote. Mama yake hakuhitaji mtetezi.

"Alikuwa hasemi," Rael akaendelea. "Hadai. Anapunga tu. Mlimpenda. Hata huyu," akamwelekeza Zablon kwa kidevu, "alijua kwamba si mimi, na akamchagua. Zablon, nguo zako ziko kwenye mfuko pale nje. Leo hulali hapa."

Zablon akatazama wazee, wazee wakatazama vikombe. Mwishowe mmoja wao, mzee wa kando ya dirisha, akauliza kwa sauti ndogo, kama anayeogopa kusikiwa na mtu aliye nje:

"Sasa, mama. Huyo kitu. Ulipomfukuza, alielekea wapi?"

Rael akanywa chai.

"Alikuwa anatafuta nyumba ambayo mwanamke ameambiwa anyamaze," akasema. "Nendeni mkaangalie."

Chai ikapoa vikombeni. Jua likaanza kushuka juu ya maji, na wanaume sita wakabaki wameketi, kila mmoja akimsubiri mwenzake ainuke, kwa maana hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kufika nyumbani kwake.